Simu nzima, mfumo umekufa: jinsi ya kuchagua telefone kabla ya kutoa pesa

Kwenye meza ya muuzaji wa telefone, siku ya soko, mazungumzo yanakuwaga karibu yale yale.

— Papa, hii ni Androidi ya kweli. Angalia kioo chake. WhatsApp iko, Facebook iko, yote iko.

— Bei gani?

— Dola makumi tatu. Lakini kwa sababu ni wewe, leta makumi mbili na tano.

— Na betri?

— Betri haina shida, Papa.

Papa anatoa pesa aliyopata kwa mihogo, kwa mbuzi, ao kwa majuma mengi ya kuchimba. Anarudi kijijini na telefone mufukoni. Siku anapofika mahali rezo ya intaneti inapatikana, WhatsApp inamwandikia kwa Kifaransa kwamba telefone hii haikubaliwi tena. Muuzaji hakudanganya juu ya kioo. Telefone inawaka, inaita, inapiga picha. Kilichokufa ni mfumo ulio ndani yake.

Kwa mutu wa Goma, hiyo ni shida ya mchana mmoja: anarudi kwa muuzaji, wanagombana kidogo, wanabadilisha. Kwa mutu wa Ntoto, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, kurudi ni safari, na barabara haina uhakika. Muuzaji mwenyewe pengine amekwisha kuhama. Njo maana uchaguzi wote unafanyika mbele ya kulipa, kwenye ile meza, kwa dakika chache.

Mfumo ni nini?

Kila telefone ina mwili na ina mfumo. Mwili ni kioo, betri, kamera, vibonyezo. Mfumo, ule wengi wanaita système, ndio unaoamuru hivyo vyote vifanye kazi pamoja. Androidi ni mfumo. iPhone ina mfumo wake unaoitwa iOS. Telefone ndogo ya torchi nayo ina mfumo wake, mdogo sana, usiopokea programu za kuongeza.

Programu inaandikwa kwa ajili ya mfumo fulani, kama vile ufunguo unavyochongwa kwa kufuli moja. WhatsApp ya Androidi haiwezi kuingia ndani ya Nokia ya zamani, hata kama Nokia hiyo iko na nguvu. Na kama kampuni zinazotengeneza programu zinaona watumiaji wa mfumo fulani wamepungua, zinaacha kuchonga ufunguo wake. Tangu siku hiyo, telefone inabaki nzima lakini milango inafungwa mmoja mmoja.

Basi swali la kwanza kwa mnunuzi linahusu uzima wa mfumo: nani bado anautunza, na atautunza mpaka lini?

Mashindano yalianza zamani

Mbele ya telefone za kupapasa, kulikuwa ordinateri ndogo za mkononi. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa yake ya kwanza, iliyoitwa Pilot. Ilienea mufukoni, mutu aliandika juu ya kioo kwa kijiti, na ilitumia pile mbili ndogo ambazo zilidumu majuma kadhaa. Kwa mahali pasipo umeme, hiyo ilikuwa ajabu. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: pile zikikwisha kabisa na hazikubadilishwa upesi, kila kitu kilichoandikwa ndani kilipotea.

Mwaka huo huo Microsoft ilileta mfumo wake, Windows CE. Uingereza kulikuwa Psion, na kutoka kwake, mwaka 1998, ukazaliwa Symbian, mfumo ambao Nokia iliusambaza dunia nzima. BlackBerry ya Kanada ikaja na vibonyezo vyake vya kuandika barua. Mwaka 2007 iPhone ikatoka, na mwaka 2008 telefone ya kwanza ya Androidi.

Kwa wakati ule hakuna aliyejua nani atashinda. Mashirika makubwa pia yalichagua, na mengine yalijikuta na mfumo uliokufa mkononi. Mfano uko karibu, kwa majirani. Uganda, kuanzia 2003, wafanyakazi wa afya wa wilaya kama Rakai na Mbale walipewa ordinateri za mkononi ili watume hesabu za wagonjwa bila kubeba makaratasi mpaka mjini. Kazi iliwezekana, na ripoti zilifika. Lakini vyombo vile viliegemea mfumo wa Palm, na Palm ikaanguka: mwaka 2010 ilinunuliwa na HP, na mwaka uliofuata HP ikaacha kutengeneza telefone zake.

Eldoret, upande wa magharibi wa Kenya, mpango wa AMPATH uliokuwa ukipima watu virusi vya Ukimwi nyumba kwa nyumba ulianza na ordinateri za mkononi vilevile. Halafu ukahamia kwenye telefone za Androidi, pamoja na programu ya bure iitwayo Open Data Kit iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington. Faida yake ilikuwa wazi: telefone moja iliandika majibu, ikaweka alama ya mahali, ikapiga picha, ikatuma. Na Androidi ilitengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo moja ikianguka, nyingine zinaendelea.

Matunda ya uchaguzi ule watu wa Masisi na Walikale wanayaona mpaka leo. Wale vijana wa mashirika wanaopita kambini kuandika majina ya waliokimbia vita, wengi wanatumia KoboToolbox, programu iliyojengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Neno « kobo » ni la Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda, na maana yake ni kuhamisha.

Mifumo iliyofungiwa mlango

Kwa mwanakijiji, mtihani wa mfumo sikuhizi ni WhatsApp, kwa sababu ndiko habari za familia, za kanisa na za usalama zinapita. Na tarehe ambazo WhatsApp ilifunga milango zinajulikana.

Symbian, ile ya Nokia kubwa za zamani, ilifungiwa tarehe 30 mwezi wa sita 2017. BlackBerry ikafuata mwisho wa mwaka huo huo. Nokia za S40, zile ndogo zenye vibonyezo na intaneti zilizoenea sana Afrika, zilifungiwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018. Telefone za Windows, mwaka mmoja nyuma yake, mwisho wa 2019.

Androidi yenyewe haikuponyoka, kwa sababu Androidi zinapewa namba na zile za zamani zinaachwa nyuma. Tangu tarehe 24 mwezi wa kumi 2023, WhatsApp haikubali tena Androidi iliyo chini ya namba 5. Upande wa iPhone, mwezi wa tano 2025 zile za zamani kama 5s na 6 ziliachwa.

Telefone hizo zote hazikutupwa. Zilikusanywa, zikasafishwa, zikapewa kava mpya, zikaanza safari ya kuelekea masoko ya bei ya chini. Mwisho wa safari hiyo ni meza kama ile ya muuzaji wa Papa. Kuna uchungu ndani yake, maana madini ya coltan yanayochimbwa Rubaya, teritware ya Masisi, yanatoa tantali inayoingia ndani ya vyombo hivi dunia nzima. Jiwe linaondoka likiwa jipya, telefone inarudi ikiwa ya mutumba.

Vinavyobaki mezani

Leo mnunuzi anakuta aina tatu, ukiacha iPhone ambayo bei yake na vipande vyake vinashinda wengi.

Ya kwanza ni telefone ndogo ya torchi. Haina WhatsApp na haitakuwa nayo. Lakini inapiga, inapokea, inatuma ujumbe mfupi, na inafungua pesa ya simu, kwa sababu M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money zote zinafanya kazi kwa kubonyeza namba fupi, kama vile *1122# ya M-Pesa, bila intaneti yoyote. Jambo hilo lilipata uzito mkubwa mabenki ya Goma yalipofunga milango mwanzo wa 2025: kwa watu wengi pesa ya simu ilibaki njia ya kupokea msaada wa ndugu. Mama mwenye telefone ya torchi alipokea sawasawa na mwenye telefone ya dola mia tatu.

Ya pili ni ile ya katikati: vibonyezo kama torchi, lakini ndani kuna intaneti. Nyingi zinatumia mfumo uitwao KaiOS. Mwaka 2019 Orange ilitangaza Sanza kwa nchi zake za Afrika, ya bei ya karibu dola 20, yenye betri iliyoahidiwa kudumu mpaka siku tano. Kwa kijiji lilikuwa wazo zuri: WhatsApp kwa bei ya kuku wachache na bila kuchaji kila siku. Lakini mwezi wa sita 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na waliokuwa nayo waliambiwa itakoma mwanzo wa 2025. Telefone hizo bado ziko nzuri kwa kupiga, kwa redio na kwa muziki. Mutu akiuziwa leo kwa bei ya juu kwa sababu « inaingia WhatsApp », analipia kitu kisichokuwepo.

Ya tatu ni Androidi. Humo nako kuna tofauti. Tangu mwisho wa 2017 Google ilitoa Androidi nyepesi, iitwayo Go, kwa ajili ya telefone zenye kumbukumbu ndogo. Sanza touch, iliyotangazwa 2020 kwa karibu dola 30, ilikuwa ya aina hiyo, na kumbukumbu ya giga 1. Miaka michache nyuma yake Google ilipandisha kiwango: kuanzia Androidi 13, hata hiyo nyepesi inaomba giga 2. Kwa hiyo telefone ya giga 1 inaweza kufanya kazi leo, ila haina barabara ndefu mbele yake. Mnunuzi mwenye uwezo wa kuongeza dola chache afadhali azitoe hapo, kwenye kumbukumbu, kuliko kwenye kamera nne za mgongoni.

Rezo, umeme na redio

Mfumo mzuri hauleti rezo. Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale watu wanapanda kilima ili kupata mistari miwili, na mara nyingi ni rezo ya sauti tu, ile ya 2G. Hapo Androidi mpya na torchi ya zamani zinalingana. Mnunuzi mwenye akili anauliza kwanza wenzake wa kijijini: kwenye kilima chetu, Vodacom inafika? Airtel? Orange? Na ikifika, inaleta sauti tu ao inaleta na intaneti? Kama jibu ni sauti tu, na yeye hatoki kijijini mara nyingi, Androidi itakuwa kamera na kikapu cha miziki.

Halafu kuna umeme. Nokia 105, iliyotoka 2013, ilikuwa na betri ndogo ya 800 na bado iliahidi siku 35 ikikaa bila kutumiwa. Androidi yenye betri mara tano ya hiyo inaomba chaji kila siku ao kila siku mbili, kwa sababu kioo chake kinakula sana, na programu zinafanya kazi kwa siri hata wakati mwenyewe amelala. Mutu anayelipa kila mara kwa mwenye panneau ya jua anapaswa kuhesabu: bei ya telefone inalipwa mara moja, bei ya chaji inalipwa maisha yake yote. Mega nazo ni vilevile. Androidi isiyofungiwa itatumia mega za mwenyewe kwa kujirekebisha, bila kumuuliza.

Jambo la tatu linasahauliwa sana: redio. Kwa watu wengi telefone njo redio yao. Torchi nyingi zinashika FM bila waya wowote. Androidi nyingi zinahitaji waya wa masikio uchomekwe, kwa sababu waya huo ndio antena, na zingine hazina FM kabisa. iPhone haina. Mutu anayenunua Androidi isiyo na FM, mahali intaneti haifiki, amejiondoa mwenyewe kwenye habari za barabara na za usalama.

Serikali nayo iliwahi kuingia katika hesabu hii. Mwaka 2020 ilianzishwa ile kodi ya RAM iliyokatwa ndani ya inite: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G na zaidi. Raia walilalamika sana, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Kilicho cha thamani ni majina

Katika teritware ambamo kijiji kinaweza kukimbia usiku mmoja, kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya telefone ni namba za watu. Mume amekimbilia upande wa Walikale, mama yuko kambini, yaya amefika Bukavu: kinachowaunganisha ni namba tisa ao kumi zilizoandikwa mahali fulani.

Hapa mifumo inatofautiana sana. Telefone ya torchi inaweza kuweka majina ndani ya SIM, na SIM moja inabeba karibu majina 250. Telefone ikivunjika, SIM inahamishwa na majina yanakuja nayo. Androidi kwa kawaida inaweka majina ndani ya akaunti ya Google. Hiyo ni salama kwa anayejua akaunti yake na neno lake la siri. Lakini watu wengi wanafunguliwa akaunti na kijana wa butike, ambaye anaandika neno la siri analojua yeye peke yake. Telefone ikipotea, ao ikinyang'anywa njiani, majina yote yanapotea nayo, kama vile Palm ya pile zilizokwisha.

Na kunyang'anywa si habari ya mbali. Kioo kikubwa kinaonekana toka mbali, na njiani ni kati ya vitu vya kwanza kuombwa. Njo maana familia nyingi zinapanga hivi: Androidi moja ya nyumba, inayobaki mahali salama, na torchi kwa yule anayesafiri.

Namna yoyote telefone inavyochaguliwa, dawa ya bei rahisi ni kayee ya shule. Namba za watu kumi wa lazima zinaandikwa kwa bic, zinafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na zinawekwa pamoja na kadi ya mchaguzi. Watoto wakubwa wanafundishwa namba mbili kwa kichwa.

Mbele ya kulipa

Mnunuzi wa Androidi ya mutumba anaweza kufanya uchunguzi wa dakika tano palepale mezani.

Kwanza, afungue « Paramètres », halafu « À propos du téléphone », asome « Version d'Android ». Ikiwa chini ya 5, aiache. Ikiwa 5 mpaka 8, ajue ananunua miaka michache. Asitazame kilichoandikwa kwenye karatoni, maana karatoni zinabadilishwa.

Pili, aombe muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yake. Tangu Androidi 5.1, telefone nyingi zikifutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake, zinaomba akaunti ya yule wa kwanza. Telefone ya namna hiyo inaweza kuwa iliibwa, na kwa mnunuzi mpya ni jiwe tu. Kama muuzaji anakataa kuifuta, hilo nalo ni jibu.

Tatu, abonyeze *#06#. Namba itakayotokea inapaswa kufanana na ile ya karatoni ao ya chini ya betri.

Nne, aweke SIM yake mwenyewe, apige, asikilize. Achomeke waya wa masikio atafute FM. Achaji kidogo aone kama tundu la chaji linashika.

Tano, akaunti ya Google ifunguliwe kwa jina lake, na neno la siri aliandike mwenyewe ndani ya kayee.

Yote hayo yakipita, bado swali la mwisho ni la kazi yake. Mama anayepokea pesa ya simu na kupigia wateja wake haibiwi kitu akibaki na torchi. Muuguzi anayetuma ripoti, mwalimu, kijana anayeandika habari za kijiji kwa ajili ya redio, wao wanahitaji Androidi iliyo hai, na afadhali moja nzuri kuliko mbili mbovu. Papa wa dola makumi mbili na tano angeuliza tu « namba ya Androidi ni ngapi? », pengine angerudi Ntoto na torchi mpya, na pesa iliyobaki ya kununua inite za miezi mingi.